Siku Moja Maishani Mwangu: Kutafuta Bei ya Mahindi, Kutoka Kibaigwa hadi Majengo

Saa 10 alfajiri

Kwa anayeuza unga Dodoma, hakuna mwezi mgumu kama Februari. Mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja tu, huanza Desemba na kukatika Aprili, kwa hiyo mahindi yaliyoko mashambani leo bado ni mabichi, na yale ya mavuno ya mwaka jana yamebaki kwa wachache waliokuwa na ghala, dawa ya kuhifadhia na uwezo wa kusubiri. Mkulima aliyeuza mwezi wa saba, wakati kila mtu alikuwa akiuza, ili alipe ada na madeni, sasa hivi naye ni mnunuzi. Sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia dukani kuhusu bei inaanzia hapo, katika miezi inayotenganisha mavuno na njaa, na si katika roho mbaya ya mfanyabiashara.

Tunatoka Nkuhungu kwa lori la kukodi, mimi na dereva, kuelekea Kibaigwa wilayani Kongwa, takriban kilomita 90 kwa barabara ya Morogoro.

Saa 12 asubuhi

Nikishuka katika soko la nafaka la Kibaigwa sianzi kwa kuuliza bei. Ninatazama malori kwanza: mangapi yamekuja na mzigo kutoka Kiteto, Kongwa na Gairo, na mangapi yamekuja matupu kutoka Dar es Salaam na Arusha kutafuta mzigo. Leo yaliyojaa ni machache, kwa sababu mvua ya juzi imeharibu njia za vijijini, na matupu yamepanga mstari. Kabla mtu yeyote hajanitajia bei, ninajua kuwa nitalipa zaidi ya wiki iliyopita.

Dalali wangu ni mzee wa Kigogo ambaye ameliona soko hili likikua.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, baba. Mmeamkaje?"

"Sisi tumeamka. Mzigo ndio haujaamka."

Kisha tunaanza kazi. Hakuna anayepanda juu ya jiwe kutangaza bei. Mwenye mahindi anayetaka kurudi kijijini mapema hushusha kidogo, mnunuzi ambaye lori lake la kukodi linahesabiwa kwa siku hupandisha kidogo, mwingine husikia na kujisogeza, na ikifika saa mbili soko zima linauza kwa bei zinazokaribiana kiasi kwamba watu wanagombania tofauti ya shilingi 500 kwa gunia. Wengi mjini huamini kwamba kuna kundi linalokaa usiku na kupanga. Ni kweli kwamba madalali hujaribu kukubaliana, lakini katika soko lenye wauzaji wengi namna hii lori moja la mtu mwenye haraka likiingia mchana, makubaliano hayo yanavunjika. Mahali ambapo bei hupangwa kweli ni kule ndani, katika kijiji chenye njia moja na mnunuzi mmoja, ambako mkulima hana mizani wala hajui Kibaigwa wanauzaje. Huyo anaonewa, na kinachomwokoa ni barabara, mnunuzi wa pili na habari za bei kwenye simu yake.

Saa 3 asubuhi

Tunapima. Ninasisitiza mizani, ingawa hunichelewesha, kwa sababu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni bei iliyofichwa ndani ya gunia: mnunuzi anatamba kwamba amelipa bei nzuri, huku kilo nyingi za mkulima zikisafiri bure katika kile kilemba kilichoshonewa juu. Sheria ya vipimo inakataza jambo hili, na mimi naiunga mkono bila shaka yoyote, maana haimwambii mtu auze kwa kiasi gani. Inamhakikishia kwamba kilo ni kilo, ndipo mabishano ya bei yawe ya haki.

Saa 5 asubuhi

Leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, huanza kutumika nchi nzima. Dereva amejaza dizeli na tayari ananiambia nauli ya safari ijayo itabadilika. Gharama hiyo itaingia katika kila kilo ya unga.

Ninaitaja EWURA kwa sababu watu huniuliza: ikiwa mafuta yana bei kikomo na vituo bado vina mafuta, kwa nini unga usipangiwe bei? Jibu liko katika namna kikomo hicho kinavyotengenezwa. Kila mwezi hukokotolewa upya kutokana na bei ya soko la dunia, gharama za uagizaji kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, thamani ya shilingi, kodi na faida ya wauzaji. Na kila mji una kiwango chake, hivyo Dodoma hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri. Dunia ikipanda, kikomo kinapanda. Bei zilipopaa mwaka 2022 kufuatia vita vya Ukraine, Serikali ilitenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa ajili ya mwezi Juni, yaani ililipa sehemu ya gharama yenyewe badala ya kuikana. Mafuta yanaingia kwa meli, kupitia milango michache, na hesabu zake zinaonekana. Mahindi hutoka katika mashamba yasiyohesabika, na gunia la Kiteto halina gharama sawa na gunia la Mpwapwa.

Saa 7 mchana

Mashine. Ninapita haraka hapa, ila hesabu yake ni ya lazima. Tuseme gunia la kilo 100 nimelinunua kwa shilingi 85,000, na usafiri, ushuru, wabebaji, kukoboa na kusaga vinalifikisha shilingi 98,000. Likikobolewa hutoa takriban kilo 75 za sembe, na kilo 25 za pumba ambazo wafugaji watanipa, tuseme, shilingi 10,000. Zinabaki shilingi 88,000 kwa kilo 75, yaani karibu shilingi 1,175 kwa kilo kabla sijalipa pango la duka na kabla mimi mwenyewe sijala. Mtu akija kesho na karatasi yenye mhuri inayosema sembe ni shilingi 1,000, gunia la kwanza nitauza kwa hasara kwa sababu limeshasagwa. La pili sitalileta.

Saa 9 alasiri

Soko la Majengo limejaa. Bunge linakaa, na mji mzima unajua: vyumba vya wageni, kuku na mchele mzuri vimepanda. Sembe haikuguswa na Bunge hata kidogo, kwa sababu mgeni mwenye posho haongezi ugali. Mahitaji ya unga yanaletwa na shule za bweni, mafundi wa majengo yanayoota kila pembe ya jiji tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, na mama lishe wanaowalisha mafundi hao.

Mmoja wa mama lishe hao ananunua kwangu kila siku. Leo amesimama mbele ya mizani bila kufungua mfuko wake.

"Dada, jana haikuwa hivi."

"Jana nilikuwa nauza mzigo wa wiki iliyopita. Huu ni wa leo."

"Basi Serikali ipange bei tujue moja. Wateja wangu wana elfu mbili tu ya chakula cha mchana, mimi nitapunguza nini tena?"

Swali lake ni la kweli, na simjibu kwa haraka. Anapopunguza ukubwa wa bonge la ugali, fundi anabeba zege akiwa na njaa. Ninamkumbusha sukari. Mwaka 2016 kilo ilitangaziwa bei ya shilingi 1,800 wakati uagizaji umebanwa na viwanda vya ndani havitoshelezi. Haukupita muda sukari ikaadimika madukani, na iliyopatikana iliuzwa juu ya bei hiyo, kwa kujuana. Mapema mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño kuyafurisha mashamba ya miwa na kusimamisha viwanda, ilitangazwa bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kutegemea mkoa, lakini maeneo mengine watu walinunua kwa zaidi ya 4,000. Kilichotuliza soko ni sukari yenyewe kuingia kutoka nje na viwanda kurudi kazini. Nadhani Serikali nayo iliona hivyo, kwa kuwa mwaka huohuo sheria ilibadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, uweze kuagiza na kuhifadhi sukari.

"Sukari naikumbuka," anasema. "Nilipewa robo, tena niliambiwa ninunue na sabuni."

Hivyo ndivyo bei iliyozuiwa inavyotokea mlango wa nyuma: kwa foleni, kwa kulazimishwa kununua kitu kingine, kwa unga uliochanganywa, kwa nusu kilo isiyofika nusu. Na anayeshindwa katika milango ya nyuma ni yeye mama lishe, asiye na shemeji ghalani.

Hatimaye amechukua dona badala ya sembe, na kilo mbili za unga wa mtama wa kuchanganyia. Leo wameshafanya hivyo wengi, hata mtama nao umeanza kupanda.

Saa 11 jioni

Mzee mmoja mstaafu, jirani yangu sokoni, amesikia mazungumzo yetu. Hapendi walanguzi na hajabadilika. Alikuwa kijana wakati Sheria ya Kudhibiti Bei ya 1973 ikitawala mamia ya bidhaa, wakati Shirika la Taifa la Usagishaji likinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na vizuizi vya barabarani vikikagua nafaka ya msafiri. Anaukumbuka mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi. "Sokoine alikuwa mwadilifu," ananiambia, "na bidhaa zilizofichwa zilitoka."

Ninakubaliana naye juu ya uadilifu wa Sokoine, ambaye alifariki Aprili 1984 huko Dakawa akisafiri kutoka Dodoma kwa barabara hiihii ninayopitia kwenda Kibaigwa. Zilizofichwa zilitoka, ni kweli. Lakini zilipokwisha hazikuzaliwa nyingine, kwa kuwa nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera bila fedha za kigeni, na mkulima aliyelipwa kidogo, tena kwa kuchelewa, alikuwa ameamua kulima chakula chake au kuuza kwa njia ya panya. Rafu zilianza kujaa uagizaji ulipolegezwa mwaka 1984, mwaka ambao pia masharti ya kusafirisha nafaka yalilegezwa kabla ya kuondolewa mwaka 1987.

"Zilijaa," mzee anajibu, "lakini mfuko wangu haukujaa."

Hoja yake hiyo sina namna ya kuipinga. Soko humsikia mwenye fedha, na asiye na fedha haonekani katika bei. Ugogo unajua hatari hiyo na unajua pia hatari ya mkono wa dola: Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na ukame ukamalizia. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba Serikali ikae pembeni. Ninasema iwe na mahindi. NFRA ilipouza mahindi ya akiba kwa bei nafuu katika halmashauri zenye upungufu msimu wa 2022/23, hapakuhitajika kumtisha mfanyabiashara yeyote. Aliyekuwa ameficha aliona kwamba akisubiri zaidi atapata kidogo zaidi.

Saa 2 usiku

Ninafunga hesabu. Nimelipwa, nimewalipa, na faida ya leo ni ndogo kuliko ya Jumatano iliyopita ingawa nimeuza kwa bei ya juu zaidi, jambo ambalo wateja hawaliamini.

Simu inaita: mkulima wa Kongwa ninayenunua kwake wakati wa mavuno. Bado ana magunia ghalani, na amesikia uvumi kwamba mipaka itafungwa. Mwaka 2017, usafirishaji wa mahindi nje ulipozuiwa ili nchi iwe na chakula, mtu wa mjini alipata unafuu wa unga na yeye akabaki na mahindi yasiyo na mnunuzi wakati bei ikishuka. Unafuu ule haukutoka hazina, ulitoka mfukoni mwake, na tangu hapo kila uvumi humfanya atake kuuza yote usiku uleule.

Nimemwambia asiuze kwa uvumi. Auze yanayotosha ada ya mtoto, abaki na ya chakula hadi Mei, na mengine ayatoe kidogokidogo huku akiuliza bei ya Kibaigwa kila asubuhi, si kwangu peke yangu. Nitapitia kwake Ijumaa kama njia itakuwa imekauka, na tutapima kwa mizani. Kesho sembe nitaipandisha shilingi 50 kwa kilo; dona nitaiacha ilipo hadi mzigo huu uishe.