Jibu bila njia

Kikao kilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mwaka 1999, katika ofisi ya walimu ya shule ya msingi niliyopangiwa wilayani Rungwe, juu ya Tukuyu, upande wa mlimani. Aliyewahi kufundisha kule anaijua baridi ya mwezi wa saba. Ukungu unashuka asubuhi na kuingia mpaka darasani, watoto wa madawati ya nyuma huwaoni sawasawa, chaki inalowa na ubao unakataa maandishi. Mimi nilitoka Singida, nilikuwa na mwaka wa pili kazini, na siku hiyo nilikuwa nimelikalia jiko la mkaa karibu kuliko wenzangu wote.

Ajenda ya tatu ilikuwa utoro. Mwalimu wa taaluma alisoma majina, na la nne lilikuwa la binti wa darasa la tano niliyekuwa nikimfundisha Hisabati. Tangu Januari alikuwa amekosa siku 31. Pendekezo lilikuwa akaririshwe darasa, na bibi yake aliyekuwa akimlea aitwe mbele ya kamati ya shule. Nilinyoosha mkono kuunga mkono kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa na sababu yangu. Wiki tatu nyuma nilitoa zoezi la kuzidisha, maswali kumi. Yule binti aliniletea daftari lenye majibu kumi na kitu kingine hakuna. Swali la saba lilikuwa 48 mara 52. Yeye kaandika 2,496 basi. Hakuna mstari wa kuzidisha wala wa kujumlisha. Nikamuuliza ameangalizia kwa nani, akanyamaza. Nikamuuliza tena, akatazama miguu yake. Nilimchapa fimbo mbili za mkononi, majibu yote kumi nikayatia kosa, na chini nikaandika kwa wino mwekundu: "Njia iko wapi?" Jirani yake wa kulia alikuwa amekosa swali la saba. Wa kushoto pia. Nilikuwa na watoto 84 darasani na sikujipa dakika moja ya kujiuliza ameangalizia wapi jibu ambalo wenzake hawakuwa nalo.

Basi mkono wangu ulikuwa juu, na Mwalimu Mkuu alikuwa anataka kufunga ajenda, ndipo akasimama mwalimu wa darasa la pili.

Huyu tulikuwa tukimwita Mzee, kwa heshima ya miaka yake kazini zaidi ya umri. Alikuwa mwalimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Kwa vijana wanaosoma haya: baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku na wao wakifundishwa. Baadaye "mwalimu wa UPE" likageuka neno la dharau, hata katika ofisi yetu, hata kinywani mwangu mimi mwenye cheti cha chuo. Mzee alimaliza la saba akiwa wa kwanza shuleni kwao. Nafasi za sekondari miaka ile zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na yake haikuja.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "huyu tusimkaririshe. Mimi naomba arushwe darasa."

Watu waliguna. Mtoro wa siku 31 arushwe darasa! Mzee hakujibu miguno. Alitoa mfukoni mwa koti kifurushi kilichofungwa kwa ukamba wa mgomba, akakifungua juu ya meza. Zilikuwa stakabadhi za chai, vile vikaratasi anavyopewa mkulima akishapima majani mabichi. Nyuma ya kila kimoja kulikuwa na hesabu kwa mwandiko wa mtoto: kilo, toa uzito wa gunia, toa makato ya maji kama majani yameloa, mara bei. Kwenye vichache jumla ya mtoto na ya karani hazikulingana, na chini yake kulikuwa na jumla mpya iliyosahihishwa na karani mwenyewe.

Kisha akamwomba mwalimu wa taaluma asome zile tarehe 31 moja moja, na sisi tuseme ni siku gani. Kalenda ilikuwa ukutani. Jumanne. Ijumaa. Ijumaa. Jumanne. Hakuna iliyotoka nje ya siku hizo mbili.

Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za chai pale kijijini. Majani mabichi hayalali. Yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku ileile, kwa hiyo gari linapofika kwenye banda la kupimia kila kitu ni mbio. Karani anapiga hesabu huku dereva anapiga honi. Kina mama waliokuwa hawajui kusoma mizani walikuwa wamegundua kwamba mjukuu wa jirani yao akisimama pale anaitaja jumla kabla karani hajamaliza kuandika. Wakamwomba bibi yake. Bibi naye alikuwa na shamba la chai, na yeye mwenyewe alikuwa amepunjika zaidi ya mara moja.

"Leo ni Ijumaa," Mzee alisema. "Yuko pale sasa hivi."

Mwalimu Mkuu Msaidizi alitoa hoja ambayo hadi leo siioni kuwa ya kijinga. Mtoto anayekosa shule akipandishwa, wanaokuja kila siku wakiwa wamelowa wanajifunza nini? Na akienda la sita akawa mdogo kuliko wote, akashindwa, nani atambeba? Mzee alikubali kwamba hilo la kushindwa lilimnyima usingizi hata yeye. Halafu akasema maneno ninayoyakumbuka kuliko yote ya siku ile.

"Serikali ina shule za vipaji maalumu. Wasichana wana Kilakala, wana Msalato, wana Tabora. Wanachaguliwa kwa alama za darasa la saba. Huyu tukimkaririsha la tano kwa mambo anayoyajua tangu nikiwa naye la pili, atachoka, ataacha, na la saba hatafika. Wale wa Kilakala hawatajua kwamba hapa kulikuwa na mtu. Wao wanapokea majina tu. Majina tunayatengeneza sisi, au tunayafuta sisi, humu ndani, kwenye ajenda ya utoro."

Kimya. Mtu mmoja akasema kwa upole kwamba majibu ya haraka si akili, huenda mtoto anabahatisha. Hapo Mzee akatuletea kisa cha kijana aitwaye Mpemba. Kaka yake Mzee alisoma sekondari ya Mkwawa, Iringa, na habari hiyo aliitoa kwake. Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, alitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaogopa nafasi kwenye friza itaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akauliza tena, ikawa kejeli: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku moja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alifika pale kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake lilelile, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, jambo hilo likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia duniani wameipa hali hiyo jina la Mpemba, na mpaka leo wanabishana juu yake.

"Osborne hakujua kama kijana yule ni sahihi," Mzee alisema. "Alikwenda kupima. Mimi naomba tupime."

Mkono wangu ulikuwa umeshashuka zamani. Nikasimama. Nilieleza habari ya 48 mara 52, fimbo na wino mwekundu, mbele ya walimu wote tisa. Sauti yangu haikuwa nzuri. Mwalimu Mkuu alinitazama muda mrefu, kisha akaamua: Jumatatu binti apewe karatasi ya Hisabati ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, afanyie ofisini, na mimi nimsimamie na kusahihisha.

Jumatatu alikaa kwenye kiti cha mwalimu wa zamu, miguu haifiki sakafuni. Alikuwa na sweta lililotoboka viwiko. Katika maswali 50 alikosa manane. Niliyapitia yale manane mara mbili, na karibu yote yalikuwa na kitu kimoja: yalitumia maneno ambayo hakuna aliyewahi kumtajia. Aliniuliza kipenyo ni nini. Nikachora duara na kumwonyesha, akaomba arudie lile swali. Kanuni haikuniruhusu, nikamkatalia, lakini niliona midomo yake ikilifanya.

Nilipomaliza kusahihisha nilimwomba anieleze 2,496. Safari hii sikuuliza njia iko wapi. Niliuliza, "Uliionaje?"

Akasema aliona shamba. Mistari 50 ya miche ya chai, kila mstari mashimo 50, hayo ni 2,500. Swali linataka mistari 48, kwa hiyo anang'oa mistari miwili, yanaondoka mashimo 100. Lakini kila mstari uliobaki unataka mashimo 52, anaongeza mawili mawili, yanarudi 96. Yamepotea manne. Alieleza akichora kwa kidole juu ya meza, na njia ile ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyofundishwa chuoni.

Nikamwambia, "Siku ile nilikukosea."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu.

Kurushwa darasa hakukukubaliwa. Mratibu Elimu Kata hakutaka, na Mwalimu Mkuu hakutaka kugombana naye. Walikubaliana abaki la tano bila kukaririshwa, na kipindi cha Hisabati awe anakwenda kukaa na la saba, dawati la mbele. Mzee aliona ni pungufu, akalisema hivyo wazi, kisha akalichukua. Miaka miwili baadaye binti alifaulu na kupangiwa Kilakala. Aliondoka na sanduku la bati na blanketi la bibi yake.

Lakini uamuzi ule wa Jumatatu ulikuwa na sharti moja: utoro ukome. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Baada ya vipindi Mzee aliniambia tuongozane, tukashuka kwa miguu hadi banda la kupimia, ukungu ukiwa umeanza tena kushuka. Kina mama walikuwa kwenye foleni na magunia mgongoni. Binti alikuwa kando ya mizani.

Mzee alimsalimia bibi, akakaa naye juu ya gogo. Alimweleza mambo ya kikao taratibu, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kinyakyusa nisichokielewa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema shule ni jambo zuri, hakatai, ila ana swali.

"Na hapa kwenye mizani atasimama nani?"

Mzee alivua koti, akanipa nimshikie. Akatoa kalamu ya risasi na karatasi mfukoni. Alimwambia binti aende nyumbani akasome, kisha akasimama pale alipokuwa amesimama mtoto.

"Nitasimama mimi, Mama," alisema. "Wala msinikimbize, mimi sina kasi yake."

"Ndaga," bibi alijibu, yaani asante, akasogeza gunia lake.

Alisimama pale kila Jumanne na kila Ijumaa, baada ya vipindi, kwa miaka miwili na miezi. Makarani walimchoka na kumzoea. Siku alizoumwa nilikwenda mimi.