Nilivyocheza igizo langu la mtu mmoja Kigoma, na historia ikaingia bila kuwa somo

Vifaa vyangu ni kiti cha plastiki, kanga ya marehemu bibi na ndoo. Nacheza peke yangu, nasimulia nilivyokulia Ujiji nikiwa mvulana anayependa wavulana, na humohumo napitisha historia ya haki za watu kama sisi. Ukumbi wa hadharani sahau, maana kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema jela miaka isiyopungua 30 mpaka maisha, na hata polisi wasipokushika mtaa utakushika. Kwa hiyo nilicheza sebuleni kwa mtu ninayemwamini pale Mwanga, wageni wakaalikwa kwa mdomo tu, hamna meseji, wanaingia mmojammoja na simu zote zinakaa kwenye beseni jikoni. Majirani waliambiwa ni kikao cha harusi, na hakuna mtu anayekuja kudodosa kikao cha harusi, anajua ataombwa mchango.

Sehemu ya maisha yangu haikunisumbua. Shangazi yangu alikuwa ananisimamia uani nikitoka bombani, "baba, kaza kiuno, mwanaume hatembei hivyo", sasa jamani na ndoo imejaa kichwani nani atatembea bila kiuno kucheza? Hapo naivaa ile kanga nakuwa yeye, najitwika ndoo nakuwa mimi, naenda narudi, yeye mimi yeye mimi, watu wanaziba midomo na mito ya kochi maana kucheka kwa sauti haturuhusiwi.

Kazi ilikuwa historia. Miaka ukiitaja kwa kufuatana watu wanaanza kuangalia dari. Nikatafuta pa kuishikizia nikaipata Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kila mtu wa Kigoma anaijua hata kama hajaipanda. Wajerumani waliileta wakaiita Graf von Goetzen, 1916 wakaizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, Mwingereza akaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Alafu Mwingereza huyohuyo 1930 akaleta Kanuni ya Adhabu, na kosa letu likiwa ndani, miaka 14. Sisi tunapata uhuru 1961 tunabaki nalo, yeye kwao 1967 anaanza kulifuta, England na Wales, kwa wanaume wa miaka 21 kwenda juu wakiwa faraghani. Watu pale sebuleni wamesikia toka utoto kwamba ushoga umeletwa na wazungu, mi nikawaambia kilicholetwa na mzungu kikiwa na karatasi na tarehe ni kifungu. Kuna dada mmoja akasema "rudia hapo", nikarudia.

Stonewall nimeifanya fupi tu, New York usiku wa Juni 28, 1969, polisi wanavamia baa ya watu kama sisi na safari hii watu wanakataa kutawanyika, napiga ndoo kwa vidole polepole basi imetosha. Nilikaa zaidi kwa Simon Nkoli wa Afrika Kusini, kwa sababu huyu anajibu swali ambalo watu wetu wanalo, kwamba unaweza kuwa mpigania nchi na ukawa shoga. Alikamatwa 1984 kwenye harakati za kupinga ubaguzi wa rangi, akashtakiwa uhaini, na humohumo gerezani akawaambia wenzake yeye ni nani, wapo waliokasirika kwelikweli. Baadaye akaachiwa, 1990 akawa mmoja wa walioandaa maandamano ya kwanza ya mashoga na wasagaji Johannesburg, na katiba yao ya 1996 ikataja wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda. Alifariki 1998 kwa ukimwi. Mwaka huohuo 1998 kwetu ndo adhabu ikapandishwa mpaka hiyo 30 na maisha, hapo sisemi neno, navua kanga naikunja tu.

Mzee mmoja alikuwepo, wa makamo, sijui hata alialikwa na nani, akanivuta koridoni akasema mwanangu Liemba itangulie, shangazi aje baadaye, watu wajue kwanza maneno ya shangazi yametoka wapi. Mi nikamwambia shikamoo kwanza, alafu hapana, maana shangazi hajawahi kusoma sheria yoyote na kiuno changu alikiona mwenyewe. Hatujakubaliana mpaka leo, ila ameshasema anataka kuja Tabora nikicheza tena.