Ukingoja Mei, bajeti ya kaunti imeshaepuliwa

Mwezi wa Mei ukifika, kumbi za wadi kote Kenya hujaa watu waliokuja kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Viti vya plastiki hupangwa, karatasi ya mahudhurio huzungushwa, afisa wa hazina ya kaunti husoma tarakimu mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua, kisha wananchi husimama mmoja mmoja: sisi tunaomba barabara, sisi tunaomba zahanati. Julai kitabu cha bajeti kinatoka na barabara haimo. Lawama zote zinamwangukia mwakilishi wadi. Ana makosa yake, lakini kwa hili mara nyingi anaonewa, maana chungu kilikuwa kimeshaepuliwa kabla ukumbi haujafunguliwa.

Jiko lenyewe liko kwa baraza la mawaziri wa kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 179, inaliita kamati tendaji: gavana, naibu wake, na mawaziri wasiozidi 10. Bunge la kaunti likiwa na wawakilishi wasiofika 30, basi mawaziri hawapiti thuluthi moja ya idadi hiyo. Waziri hatoki miongoni mwa wawakilishi wadi. Gavana humteua kutoka nje na bunge humpiga msasa. Ajenda na kumbukumbu za vikao hushikwa na katibu wa kaunti.

Watu wengi hukosea mlango hapa. Mwanakandarasi ambaye hajalipwa, au kikundi kinachongoja fedha, humwandama waziri wa idara. Waziri hatii sahihi malipo. Kazi yake ni sera na kuitetea idara yake barazani. Mwenye kuwajibikia shilingi za idara kisheria ni afisa mkuu wa idara hiyo, ambaye waziri wa fedha humteua kwa barua kuwa afisa mhasibu, na ndiye atakayeitwa kujieleza mbele ya kamati ya bunge hesabu zikichafuka. Malipo yakikwama, andikia afisa mkuu, waziri mpe nakala.

Sasa tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imezipanga, na kaunti zote 47 zinafuata kalenda hiyo moja. Waziri wa fedha hutoa waraka wa bajeti kwa idara zote kufikia Agosti 30. Kufikia Septemba 1 mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kuwa bungeni, na huo ni wa mwaka wa kifedha utakaoanza Julai inayofuata. Kwa hiyo mpango uliopelekwa Septemba 2025 ni wa Julai 2026. Mradi ambao haumo humo hautakiwi kujitokeza ghafla kwenye makadirio ya bajeti, na wewe uliyengoja Mei umeupita kwa miezi minane.

Mwisho wa Septemba waziri wa fedha hupeleka barazani mapitio ya bajeti ya mwaka uliopita: tulitarajia kukusanya kiasi gani, kikaingia kiasi gani, idara gani ilibakiza fedha. Baraza lina siku 14 za kuyajadili. Kisha unakuja waraka ambao ningependa kila kikundi cha wakazi kiusome kuliko mwingine wowote, taarifa ya sera ya fedha. Huingia bungeni kufikia Februari 28, na ndani yake kuna jedwali dogo la ukomo wa kila idara: afya kiasi fulani, kilimo kiasi fulani, maji kiasi fulani. Bunge lina siku 14 za kuipitisha, ikiwa na marekebisho au bila. Makadirio kamili hufika bungeni Aprili 30, na sheria ya matumizi hupitishwa kufikia Juni 30.

Kwa nini jedwali hilo la Februari lina uzito hivyo? Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema kuwa bunge likibadilisha makadirio, fungu la idara haliwezi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Idara ya maji ikiwa na milioni 500, wawakilishi wote wakikubaliana kwa kauli moja, wanaweza kuiongeza milioni 5. Tena sheria inataka kila shilingi inayoongezwa upande mmoja ipunguzwe upande mwingine. Ndiyo maana ukumbi wa Mei ukiomba visima kumi, jibu la kweli, ambalo halisemwi kwa kipaza sauti, ni kwamba nafasi iliyobaki haitoshi.

Ndani ya baraza kwenyewe mvutano huwa mkali kati ya Desemba na Februari. Kila waziri huleta mahitaji yaliyozidi ukomo wake, mara nyingi kwa makusudi, akijua atakatwa. Waziri wa fedha hushika kalamu nyekundu. Gavana huamua. Tuchukue kaunti ya kubuni yenye bajeti ya bilioni 8 tuone fedha zinavyoisha. Kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, yaani bilioni 2.8 (kaunti nyingi huvuka hapo, lakini tuwe wakarimu). Maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti: bilioni 2.4. Inabaki bilioni 2.8 ya dawa, mafuta ya magari, bima ya wafanyakazi, umeme, bunge la kaunti na posho za safari, ambazo hazikosi.

Rudi kwenye ile bilioni 2.4. Toa milioni 700 za madeni ya wanakandarasi wa miaka iliyopita. Toa milioni 800 za miradi ambayo haijakamilika. Toa milioni 150, mchango wa kaunti kwenye miradi ya wafadhili, maana usipoutoa mfadhili naye hafungui mkoba. Umebaki na milioni 750. Zigawe kwa wadi 30: milioni 25 kila wadi, kwa mwaka mzima, kwa vijiji vyote. Mtu akikuahidi barabara nne, zahanati na uwanja wa michezo kwa mwaka mmoja, mpe kalamu akuonyeshe hesabu.

Hata hizo milioni 25 huwa bado ni maandishi tu. Sehemu kubwa ya mapato ya kaunti ni mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, ambao Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa. Mwaka wa 2024/25 ulionyesha jinsi mgao huo unavyoweza kuyumba: kaunti zilipangiwa bilioni 400.1, Mswada wa Fedha, uliokuwa wa kuongeza kodi, ukaondolewa Juni 2024, seneti na bunge la kitaifa wakavutana hadi Desemba, na kiasi kikatua kwenye bilioni 387.4. Wakati huo bajeti za kaunti zilikuwa zimepitishwa tayari kwa hesabu ya kwanza. Pengo la aina hiyo huzibwa kwa bajeti ya ziada, ile inayorekebisha ya kwanza katikati ya mwaka, na kisu huanzia kwenye maendeleo kwa kuwa mishahara haikatiki.

Fedha zikishaingia kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, bado hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, afisa huru wa kitaifa, kwa mujibu wa kifungu cha 207 cha Katiba. Hatua hii huwaudhi magavana, na kelele zake hufika magazetini. Mara nyingi kinachorudisha ombi ni karatasi: orodha ya malipo hailingani na bajeti iliyopitishwa, au taarifa ya robo iliyotangulia haijawasilishwa.

Fuata sasa mradi mmoja, tuseme chumba cha kujifungulia akina mama kwenye zahanati, milioni 4. Bajeti imepitishwa Juni 30. Julai hadi Septemba fedha kidogo zinazoingia zinakwenda kwa mishahara na madeni. Oktoba idara ya afya inaomba mchoro na hesabu ya vifaa kutoka idara ya ujenzi, yenye wahandisi wachache wanaongojwa na idara zote. Zabuni inatangazwa Novemba. Sheria ya ununuzi ya 2015 inatoa hadi siku 30 za kutathmini, kisha siku 14 za kungoja malalamiko baada ya barua za matokeo, kabla mkataba haujatiwa sahihi. Katikati kuna Krismasi. Mwanakandarasi anaingia kwenye kiwanja Februari, msingi unachimbwa, na mvua ya masika inashuka Machi. Cheti cha kazi kinaandikwa wiki ya tatu ya Juni, wakati foleni ya malipo kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, ni ndefu kuliko fedha zilizopo. Juni 30 idhini ya matumizi inakufa. Julai 1 jengo limesimama na mwenye kulijenga ni mdai. Hivyo ndivyo madeni ya kaunti yalivyofika takriban bilioni 182 kufikia Juni 30, 2024.

Tiba ya hapo inajulikana na ni ya kuchosha: michoro na hesabu za vifaa ziwe tayari kufikia Aprili, mpango wa ununuzi upakiwe Julai, zabuni zitangazwe Agosti. Baraza likitaka linaweza kuagiza kuwa mradi usio na mchoro na hati ya ardhi usiingie kwenye makadirio. Hati ya ardhi niirudie. Miradi mingi ya zahanati na chekechea hukwama kwa sababu mzee aliyetoa kipande cha shamba alitoa kwa mdomo, akafa, na watoto wake hawakubali.

Jambo jingine linalosahaulika barazani ni gharama ya baada ya utepe kukatwa. Chumba kile cha milioni 4 kinahitaji wauguzi wa zamu ya mchana na usiku, maji, umeme, shimo la kondo la nyuma, dawa. Hayo yako kwenye matumizi ya kawaida, si ya maendeleo, na wauguzi huajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, siyo na waziri. Waziri wa afya asipoleta barazani waraka mmoja wenye pande zote mbili, jengo hukaa na kufuli. Nafuu kidogo imeletwa na sheria ya 2023 inayoruhusu vituo vya afya kubaki na fedha vinazokusanya badala ya kuzipeleka zote kwenye mfuko mkuu. Kinachobaki ni kuangalia kama kamati ya kituo inakutana kweli.

Mashinani muundo ni huu: msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi, kisha kwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012, msimamizi wa kijiji na baraza la kijiji la wazee watatu hadi watano. Chifu na naibu wake hawamo humo. Hao ni wa serikali ya kitaifa, hata kama wote hukutana chini ya mwembe mmoja. Ngazi ya kijiji kaunti nyingi haziifikii kwa sababu ya mishahara, na hapo ndipo habari hukatikia. Ipo pia meza ambayo wengi hawaijui, jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti: gavana ni mwenyekiti, mawaziri ni wajumbe, na idadi sawa na yao hutoka nje ya serikali, kwa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na vikundi vya dini. Uliza katika kaunti yako ni nani anayewakilisha kundi lako. Usishangae ukikuta ni jamaa wa mtu.

Kaunti ya Makueni imejitengenezea njia inayofaa kuangaliwa. Vipaumbele huanzia kijijini, hupanda hadi wadi na kaunti ndogo kabla ya kufika kileleni, na kila mradi una kamati ya wakazi ambayo lazima ikubali kazi kabla mwanakandarasi hajalipwa. Kamati hizo huchelewesha malipo wakati mwingine, wanakandarasi hulalamika, na bado ningezichagua.

Basi ukiandika maoni, andika hivi: jina la wadi, idara, jina la mradi kama lilivyo kwenye waraka, kiasi unachotaka kihamishwe, na mstari wa bajeti unakotaka kitolewe. "Tunaomba barabara" halina pa kuwekwa. "Hamisha milioni 3 kutoka ukarabati wa ofisi za idara ya barabara, zitie kivuko cha mto kwenye barabara ya soko" lina pa kuwekwa, na kwa kuwa fedha zinabaki ndani ya idara ileile, halivunji kanuni ya asilimia 1. Darasa la sekondari usiliombe hapo, ni kazi ya serikali ya kitaifa. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ndivyo vya kaunti. Peleka barua kwa karani wa bunge la kaunti na ubaki na nakala yenye muhuri. Ukinyimwa waraka, sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 za kukujibu.

Baada ya kila robo mwaka, hazina ya kaunti ina mwezi mmoja wa kuchapisha taarifa ya matumizi, na Msimamizi wa Bajeti hutoa yake ya kaunti zote. Ruka utangulizi, nenda kwenye jedwali la idara, tafuta safu ya maendeleo uone asilimia iliyokwisha kutumika. Septemba ikiwa asilimia 3, ni kawaida, ingawa haipendezi. Machi ikiwa bado asilimia 3, mradi wenu unaingia kwenye foleni ya Juni, na huo ndio wakati wa kumpigia simu afisa mkuu kumwuliza zabuni imefika wapi.