Tulivyolitoa duka la vyombo kwenye turubai

Biashara yetu ilianzia chini, juu ya turubai, soko la Mbuyuni hapa Moshi. Baba aliuza sahani na vikombe vya bati, vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchi nzima, hata kijiko cha chai kikawa cha kutafuta. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza mizigo kwa fedha zao za kigeni, vyombo vikaanza kuonekana tena, mama akamsukuma baba tupange fremu.

Nilipokabidhiwa duka, wateja walishahamia kwa machinga. Bei zao siziwezi, nikaamua kushindana kwa ubora wa chuma cha vijiko na visu.

Chuma cha visu kisichoshika kutu kinahusishwa na Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Siri yake ni kromi. Kijiko kilichogongwa 18/10 mgongoni kina kromi asilimia 18 na nikeli 10. Mtaani wanasema kikinasa sumaku ni feki, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Cha 18/0 kinanasa na bado ni kizuri. Kisu nacho kwa kawaida hunasa, maana makali yanataka chuma kigumu, na hicho hakiwekewi nikeli ya kutosha kuikataa sumaku. Sumaku naiacha kaunta, mteja ajaribu mwenyewe, ndipo namweleza. Akishaelewa, habishani sana na bei.

Ila kilichotulipia kodi ni kukodisha. Disemba watu wanapanda nyumbani, na huku kwetu kipaimara kinaliwa kama harusi. Vijiko vinatoka kwa dazeni, vimefungwa mpira, mteja anaacha amana. Mama mmoja wa Kibosho alinirudishia uma zenye mtori uliokaukia kwenye meno.

"Shikamoo mama. Mbona hazijasuuzwa?"

"Marahaba mwanangu. Wageni wameondoka alfajiri, ungesuuza wewe?"

Nilicheka, lakini amana nikaikata. Mchuzi wenye chumvi ukilala kwenye chuma unakitoboa vitundu vidogo vidogo, na vile havisuguliki vikatoka. Siku hizi kila mzigo unaondoka na ndoo na maelekezo: suuza usiku uleule, kausha kwa kitambaa.

Glasi sikodishi tena. Zile zinavunjika hata kabla ya keki kukatwa.