Komwe nne mfukoni

Kwenye besiboli anayesimama nyuma ya mdakaji ni ampaya, lakini wanafunzi wangu wananiita refa na nimewaacha. Hapa ni Tanga, mji wa timu ya soka ya Coastal Union. Mwenye amri uwanjani ni refa, basi.

Kosa langu la kuhesabu lilitokea Jumamosi moja kwenye kiwanja chetu, Chumbageni. Zamu ya mwisho, besi zote tatu zimejaa, timu inayopiga iko nyuma kwa pointi moja. Mpigaji ana boli mbili, yaani mitupo iliyopita nje, ambayo ikifika minne anapewa besi ya kwanza bure, na straiki mbili, ambazo zikifika tatu anatoka. Akaanza kupiga faulo, mipira inayotoka nje ya mstari. Mtu akishakuwa na straiki mbili, faulo ya kawaida haiongezi kitu, hesabu inabaki pale pale, na hapo ndipo kichwa kinapochanganya. Alipiga tatu mfululizo. Ya nne ikavuka ukuta, ikatua kwenye bati la jirani. Mwenye nyumba akatoka. Tukaamkiana, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaingia kwenye suala la bati lake. Dakika kumi hivi. Niliporudi nyuma ya mdakaji, kichwani nilikuwa na boli tatu.

Mpira uliofuata ukapita nje. "Boli ya nne! Nenda besi ya kwanza." Aliyekuwa besi ya tatu akasukumwa hadi besi ya nyumbani, pointi zikalingana.

Mtupaji, binti wa kidato cha pili, akanitazama. "Mwalimu, hiyo si ya tatu?"

Nikamwambia arudi mahali pake. Hilo najutia kuliko hesabu yenyewe.

Mpigaji mwingine akaingia, akatupiwa mpira mmoja, ndipo mwandika alama akanikimbilia na daftari. Vitone vitatu tu vya boli, si vinne. Kanuni za ligi kuu ya Marekani, ambazo ndizo tunazifuata, zinataka hesabu isahihishwe kabla mpigaji anayefuata hajatupiwa mpira. Ukishatupwa, imekwenda hiyo. Nikawaita wote katikati, nikawaambia nimekosea mimi na pointi haitarudi. Timu ya yule binti ikafungwa.

Usiku nikamfikiria Jim Joyce, ampaya wa ligi hiyo kuu. Juni 2, 2010, kule Detroit, mtupaji Armando Galarraga alikuwa amebakiza mtu mmoja tu amalize mechi bila mpinzani yeyote kufika besi. Joyce akasema mkimbiaji amewahi besi. Picha zikaonyesha hakuwahi. Alikiri siku hiyo hiyo, na kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya wachezaji, Joyce akifuta machozi. Tangu 2014 uamuzi wa namna ile unaweza kurudiwa kwenye picha. Ila lile lilikuwa kosa la jicho, la kufumba na kufumbua. Mimi nilikuwa na dakika kumi nzima, na daftari lilikuwa hatua chache tu kutoka nilipo.

Kuna vidude vya plastiki vya kuhesabia. Chetu kilishavunjika zamani. Nikapanda baiskeli hadi Ngamiani, kwenye baraza la wazee wa bao.

"Shikamoo babu. Naomba komwe nne."

"Marahaba. Nne! Utacheza bao gani, mwanangu?"

Sasa naanza kila mpigaji na komwe nne na mbegu mbili za ubuyu mfuko wa kulia. Boli, komwe moja inahamia kushoto; straiki, ubuyu unahama. Kwa vidole tu unavitofautisha, huna haja ya kuangalia. Tena kila baada ya mpira natangaza kwa sauti, vidole vya kushoto boli, vya kulia straiki, mwandika alama ananiitikia.

Wiki mbili baadaye mpira ukatua kwenye bati lile lile. Jirani akatoka, salamu upya, bati upya. Niliporudi, binti yule alikuwa ameukumbatia mpira, hana haraka.

"Ngapi, Mwalimu?"

Nikapapasa mfuko wa kushoto. Komwe mbili, ubuyu mbili.

"Mbili, mbili."

Akageuka kwanza kwa mwenye daftari. Alipoona naye anainua vidole viwili kila mkono, ndipo akajiweka sawa kutupa.