Mikono iliyotengeneza gazeti

Magazeti ya Uingereza yakitajwa, wanaosifiwa ni wahariri na matajiri wanaoyamiliki. Tangu nihamie kijiji hiki katika jimbo la Wiltshire, mimi humfikiria zaidi mzee jirani yangu. Alipanga chapa za gazeti la wiki la mji wa karibu tangu alipomaliza shule, na jina lake halikuwahi kuandikwa humo.

Leo jioni alinieleza Linotype, mashine ya kupangia chapa, ilivyofanya kazi, vidole vikichezacheza mezani kana kwamba vile vitufe 90 bado viko mbele yake. Ukibonyeza kimoja, kikalibu cha shaba chenye umbo la herufi hiyo kinashuka na kujipanga na wenzake. Mstari ukijaa, madini ya risasi yaliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni yanamiminwa, na mstari wote unatoka kama kipande kimoja cha metali, bado cha moto. Ukikosea herufi moja, unarudia mstari mzima. Ana kipande kimoja dirishani. Herufi zake zimegeuka kama kwenye kioo, nikashindwa kuzisoma. Yeye alikisoma palepale, akiwa upande wa pili wa meza: tangazo la mnada wa ng'ombe.

Alipomaliza uanagenzi wenzake walimpaka wino na kugonga vyuma kwenye meza za kazi, karakana nzima ikivuma. Ndiyo ilikuwa desturi yao ya kumpokea fundi mpya.

Halafu zikaja kompyuta. London, mwaka 1986, tajiri wa magazeti Rupert Murdoch alihamishia magazeti yake kwenye kiwanda kipya cha kompyuta huko Wapping, mashariki mwa jiji, na wafanyakazi wapatao 5,500 waliogoma wakafukuzwa. Mgomo ulidumu zaidi ya mwaka, na wakashindwa. Kwa mzee mambo yalikwisha kimyakimya: alipewa mkasi na gundi abandike kurasa, kisha hata kazi hiyo ikaisha.

Wengi husema vyama vya wapiga chapa vilikuwa vikaidi. Ni kweli viliwafungia wanawake mlango miaka mingi, na hilo silitetei hata kidogo. Lakini mtu aliyejifunza ufundi kwa miaka, akaambiwa hauna kazi tena, nani amlaumu kwa kuupigania?

Gazeti bado analinunua kila wiki, na hulisoma kalamu mkononi. Safari hii amekuta neno limekosewa kwenye kichwa cha habari, ukurasa wa mbele kabisa. Alikasirika kwelikweli, nami nikakasirika pamoja naye.