Bastola, Abaya na Mkono Wangu Mdogo

Jumapili usiku. Duka nimelifunga saa nne, hesabu nimeimaliza, mtoto amelala, na sasa nimepata utulivu wa kuandika jambo ambalo dada zangu watatu wa hapa Houston wameniuliza mwezi huu huu, kila mmoja kwa wakati wake: kati ya bastola zote zilizopangwa kwenye makabati ya kioo ya maduka ya silaha, kwa nini nimechagua hii ninayoibeba? Niliwajibu kwa ufupi, nikaona jibu halitoshi. Mtu anayefikiria kubeba silaha kila siku anastahili kuelezwa njia yote niliyopita, pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu kosa langu la kwanza lilinigharimu fedha na la pili lingeweza kugharimu zaidi ya fedha.

Nilizaliwa na kukulia Tanga, ambako silaha nilizoziona utotoni zilikuwa bunduki ya mlinzi wa benki na magobore ya wawindaji tuliowakuta tukienda shamba. Bastola ilikuwa kitu cha askari. Nilipomwambia Mama kwa simu kwamba nimenunua, alinyamaza kwa muda mrefu kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeshindwa kumwachia Mungu?" Nilimwambia kwamba namwachia Mungu na mlango naufunga pia. Ukweli ni kwamba ninafunga duka usiku nikiwa peke yangu, na mauzo ya siku nimeyabeba, katika kona ya kusini-magharibi mwa jiji ambako jirani yangu wa duka la pili aliwahi kuwekewa bunduki kifuani. Baada ya usiku ule sikuweza tena kutembea hatua arobaini kutoka mlangoni hadi garini bila moyo kunidunda.

Kisheria haikuwa vigumu. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, akajaza fomu namba 4473 na jina lake likachunguzwa kabla hajakabidhiwa silaha. Tangu Septemba 1, 2021, Texas haimlazimishi mtu mzima anayestahili kuwa na leseni ili abebe bastola, lakini mimi niliichukua leseni kwa hiari, na ningemshauri kila mtu aichukue. Darasa linafundisha mahali unapoweza kwenda na silaha na mahali usipoweza, na mtihani wa shabaha unakulazimisha ujue uwezo wako: risasi 50, zikiwa 20 kwa umbali wa yadi 3, 20 kwa yadi 7 na 10 kwa yadi 15, na ili ufaulu unahitaji alama 175 kati ya 250. Mtihani ule ndio ulionifungua macho kuhusu bastola yangu ya kwanza.

Bastola hiyo ilikuwa rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, nyepesi, ya Smith & Wesson, Model 642, yenye risasi tano. Muuzaji alinitazama, akaitazama mikono yangu, akaupeleka mkono wake moja kwa moja kwenye kabati la rivolva ndogo, kana kwamba mwanamke na rivolva ndogo ni pete na kidole. Alisema haina mambo mengi, haikwami kirahisi, haina slaidi ya kuvuta (kile chuma cha juu cha bastola nyingine kinachorudi nyuma na kuingiza risasi kwenye chemba, mahali risasi inapofyatuliwa), na nyundo yake imefichwa ndani kwa hiyo hainasi kwenye nguo. Yote aliyosema ni kweli. Lakini hakuniambia kwamba wepesi ule wa gramu 400 na kidogo, unaopendeza sana ukiishika dukani, ndio unaoigeuza kuwa mateso kwenye uwanja wa shabaha, kwa sababu teke la risasi halina uzito wa kulipunguza na lote linaishia kwenye kiganja. Wala hakuniambia kwamba triga yake, yaani kifyatulio, inahitaji nguvu ya karibu kilo 5, na kwamba kidole kidogo kinapohangaika kuivuta, mtutu unayumba pamoja nacho. Nilimaliza zile risasi 50 na ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada imechubuka. Nilifaulu kwa alama 181. Kwa miezi mitatu iliyofuata nilikwenda uwanjani mara moja tu, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi: nilikuwa nabeba kila siku chombo ambacho nilikuwa naogopa kukifanyia mazoezi.

Wapo wanaoipenda rivolva ile na kuitumia kwa ustadi mkubwa, na siwabishii. Ninachosema ni kwamba silaha ndogo na nyepesi kupita zote ni silaha ya fundi aliyekwishaiva, na kumpa mwanafunzi kwa sababu tu mwanafunzi ni mdogo wa umbo ni kumwonea.

Mume wangu anabeba Glock 19, na kwa muda nilidhani jibu ni kufuata alichochagua yeye. Bastola hiyo ilitoka mwaka 1988, ikiwa toleo fupi la Glock 17 ambayo jeshi la Austria liliichagua mapema katika muongo huohuo, na sishangai kwamba watu wengi bado wanaipimia nyingine zote. Nilipoipiga kwa mara ya kwanza nilikaribia kutokwa na machozi kwa nafuu niliyoipata: triga ya karibu kilo 2 na nusu, teke la upole, mashimo ya risasi yakikaa pamoja kwenye karatasi kama mayai kwenye kiota. Kama kubeba kungekuwa ni kupiga tu, ningeishia hapo. Lakini ikijazwa risasi zake 15 inapita gramu 800, na mpini wake mnene unanilazimisha kuuzungusha kidogo mkononi ili kidole kiifikie triga vizuri, jambo ambalo mwalimu wetu wa shabaha alilikemea kila alipoliona. Juu ya hayo, mimi si mwanamume wa mita moja na sentimita themanini mwenye shati pana juu ya suruali ya jinzi. Nikijitazama kwenye kioo, upande wa kulia wa kiuno ulikuwa umetokeza kama nimeficha kopo la maziwa.

Ninayoibeba sasa ni SIG Sauer P365. Kabla yake, bastola nyembamba za risasi za milimita 9 zilikutaka ukubali risasi chache: Shield ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2012, ilikuwa na magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) ya risasi 7 ikikaa sawa na mpini, na Glock 43 ya mwaka 2015 ilikuwa na 6. P365 ilipotoka mwaka 2018 ikiwa na risasi 10 ndani ya umbo la kiasi hichohicho, watengenezaji wengine walilazimika kufuata. Uzito wake ni karibu gramu 500. Watu wenye mikono mikubwa hulalamika kwamba kidole cha mwisho kinaning'inia chini ya mpini bila pa kushika. Kwangu mimi vidole vyote vinapata nafasi, na kidole cha shahada kinafika kwenye triga bila kuuzungusha mkono. Hilo la kidole ndilo lililoamua. Niliwahi kuambiwa nianze na idadi ya risasi, kisha bei, kisha jina la kampuni, na sasa naamini mpangilio huo umepinduliwa: anza na umbali kati ya kiganja na triga, kwa sababu huo hauubadilishi kwa mazoezi wala kwa fedha.

Slaidi yake ilikuwa ngumu mno ilipokuwa mpya. Bastola ndogo karibu zote ziko hivyo, kwani slaidi nyepesi inahitaji springi kali zaidi. Nilikuwa karibu kuirudisha na kuchukua Shield EZ, ambayo slaidi yake imetengenezwa makusudi iwe laini, na ambayo naendelea kuwapendekezea wazee na wenye baridi yabisi ya vidole. Mwalimu aliniokoa kwa dakika tano tu. Alinionyesha nisiibane slaidi kwa ncha za vidole viwili bali niishike kwa juu kwa kiganja kizima, bastola ikiwa karibu na kifua na mtutu ukielekea kwenye shabaha, kisha mkono wa kulia usukume mpini mbele badala ya mkono wa kushoto kuivuta slaidi nyuma. Tangu siku hiyo haijanishinda.

Napenda pia vilengeo vyake vinavyong'aa gizani, kwa kuwa saa yangu ya hatari ni saa nne usiku na taa ya maegesho yetu ina tabia ya kuzimika. Na milimita 9 ni risasi ambayo bei yake inaniruhusu kupiga 50 kila baada ya wiki mbili bila kugusa fedha ya nyumbani.

Swali la kizuizi cha kidole gumba, yaani kitufe cha usalama kinachozuia bastola isifyatuke mpaka ukiondoe, nililihangaikia kwa wiki kadhaa. P365 inapatikana ikiwa nacho au bila hicho, na hoja za pande zote mbili zina uzito: mmoja anaogopa risasi kutoka kwa bahati mbaya, mwingine anaogopa kusahau kukiondoa katika sekunde ambayo mikono inatetemeka. Nilichukua isiyokuwa nacho, nikijiwekea sharti kwamba bastola haitakaa mwilini mwangu isipokuwa ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote. Mtu asiyeweza kulitimiza sharti hilo ni bora achukue yenye kizuizi.

Sharti hilo lilizaliwa na lile kosa la pili. Mwanzoni nilikuwa naiweka bastola kwenye mkoba, kwa sababu dera na abaya havina mkanda wa kuning'iniza kitu. Siku moja nikiwa katika duka kubwa la vyakula niliuacha mkoba kwenye kigari na kugeuka kuchukua mfuko wa mchele. Zilikuwa hatua sita au saba tu. Nilipogeuka nilimkuta mtoto wa watu, hata miaka minne hajafika, amesimama kando ya kigari akichezea kamba ya mkoba wangu. Hakufungua, hakuna kilichotokea, na mama yake alitabasamu akaniomba radhi. Mimi nilirudi garini nikakaa nikilia mpaka barafu niliyonunua ikayeyuka. Tangu siku hiyo bastola iko mwilini mwangu au iko ndani ya kasha lililofungwa, hakuna mahali pa tatu. Nilijaribu mkanda wa kitambaa wa tumboni, lakini kitambaa laini kinaweza kubonyea hadi kwenye triga, na katika joto la Houston la Julai, jasho lilikuwa linakusanyika humo hadi nikaanza kuona madoa ya kutu kwenye skrubu ndogo.

Kwa hiyo nilibadilisha mavazi badala ya kubadilisha bastola. Ndani navaa suruali yenye mkanda mgumu, na juu yake abaya iliyo wazi mbele. Ala ni ya Kydex, plastiki ngumu, imefungwa kwa klipu, na sifa ninayoithamini kuliko zote ni kwamba naweza kuivua nzima bastola ikiwa bado imo ndani, triga ikiwa imefunikwa. Kuna milango mingi ambayo siwezi kuipita na silaha: shule ya mwanangu, maduka yaliyobandika tangazo la 30.06, linalomkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, na posta, ambako siendi nayo kabisa, hata kwenye maegesho. Kila mara unapoivua bastola na kuirudisha ni nafasi ya kukosea, na ala inayotoka pamoja nayo inaipunguza nafasi hiyo. Nyumbani inaingia kwenye kasha la chuma kabla sijavua viatu. Sheria ya Texas inamwajibisha mwenye silaha ikiwa mtoto wa chini ya miaka 17 ataifikia kwa uzembe wake, lakini mimi nina mvulana wa miaka 8 anayeweza kufungua kila kitu ndani ya nyumba hii, na sikuhitaji kukumbushwa na sheria.

Tatizo lililobaki ni vishikizo. Abaya yangu mpya ya rangi ya zambarau, aliyonishonea mama mmoja wa Mombasa anayeishi mtaa wa pili, ina vishikizo vya kawaida vinne mbele, na jana nilipofanya zoezi nyumbani kwa bastola tupu, magazini nje na chemba nimeitazama mara mbili, mkono wangu ulinasa kwenye kishikizo cha tatu kila nilipojaribu. Kesho asubuhi nitampelekea avitoe vyote na kuweka vya kubana, vile vinavyoachia vyenyewe ukivuta kitambaa, na nimwombe pia aongeze uzito kidogo kwenye pindo la kulia ili upepo wa maegesho usilipeperushe.